Maswali na majibu: Mwanga, giza na picha

Kila jioni nakwenda Nungwi kupiga machweo. Nikianza kupata picha nzuri, giza limeshaingia. Nakosea wapi?

Hukosei, ndivyo jua la kwetu lilivyo. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na jua hushuka karibu wima. Likishazama unabaki na kama dakika 20 za utusitusi. London mwezi Juni hupata maradufu ya hizo. Basi litangulie jua. Fika saa kumi na moja, chagua ngalawa yako, angalia jua litaangukia wapi, kisha tulia. Na likizama usiondoke! Wengi hukunja virago hapo hapo, wakaukosa ule ubuluu laini usio na vivuli, ambao mimi naupenda kuliko jua lenyewe. Egemeza simu kwenye ubavu wa chombo isitikisike.

Vichochoro vya Mji Mkongwe alfajiri vina giza la kupendeza, lakini kwenye simu panatoka peupe kama adhuhuri.

Kamera haijui alfajiri. Imeundwa ikichukulie chochote kilicho mbele yake kuwa cha kijivu cha wastani, kwa hiyo giza hulipandisha, na ukuta wa chokaa huufifisha. Gusa skrini pale penye mwanga zaidi, tuseme taa ya mlango uliofunguliwa, kisha teremsha mwangaza mpaka kuta zirudi gizani. Usiogope sehemu zisizoonekana. Ndizo zinazomfanya mtazamaji asogee karibu.

Kupimia penye mwanga si jambo geni. Mwaka 1941 mpiga picha wa Marekani, Ansel Adams, aliona mwezi umechomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, na misalaba ya makaburini ikimetameta kwa jua la mwisho. Kipima mwanga chake hakukiona. Akakadiria mwanga kwa mng'ao wa mwezi, ambao alikuwa akiujua kwa hesabu. Alipata picha moja tu. Kabla ya kupiga ya pili, mwanga uliihama misalaba.

Kuongeza kivuli wakati wa kuhariri ni uongo?

Kwenye picha ya habari, ndiyo, usithubutu. Kwenye sanaa, hapana. Picha ya Fan Ho wa Hong Kong ya mwaka 1954, *Approaching Shadow*, inamwonyesha msichana chini ya ukuta mweupe, na kivuli cha mshazari kinamjia. Msichana ni binamu yake, na kivuli alikitia mwenyewe kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha. Kila nikiitazama naamini upweke ule. Nisichokubali ni anga la machweo kubandikwa juu ya watu wenye vivuli vya saa sita mchana, vilivyojikunja chini ya miguu yao. Mtazamaji atahisi kasoro hata asipojua kuitaja.

Masika niifungie kamera?

Usiifungie. Mvua ikikatika, vumbi limeoshwa na kila dimbwi ni kioo. Ila ukitoka kwenye kiyoyozi, iache mkobani robo saa kwanza, la sivyo lenzi itajaa ukungu.

Nataka picha ya bibi yangu nyumbani kwake. Chumba ni cheusi na umeme hukatika.

Una kila kitu. Zima flashi. Mkalishe karibu na mlango, ubavu mmoja wa uso ukielekea nje, na jua lenyewe lisimguse. Akirudi ndani hatua mbili, mwanga utapungua sana na vivuli vitakuwa vizito. Mjaribu sehemu zote mbili. Upande wa gizani ukizidi weusi, mtu ashike shuka jeupe hapo, litarudisha mwanga kidogo shavuni. Kisha weka simu chini, kaa mkekani, mwombe akuhadithie habari za ujana wake. Usimwambie acheke wala anyamaze. Atakapofika mahali pa kukumbuka, atageuka mwenyewe kuutazama mlango, na hapo ndipo upige.