Usiruke ya kwanza

Wewe uliyeuliza kama unaweza kuruka The Devil's Carnival, ile filamu ya kutisha ya muziki, uende moja kwa moja kwenye Alleluia, mwendelezo wake, usiruke kabisa. Ile ya 2012 ni fupi, haifiki hata saa nzima, wenye dhambi watatu wanajikuta kuzimu kwenye kanivali na kila mmoja anakutana na dhambi yake kupitia hadithi za Aesop, zile ngano za kale za Kigiriki, halafu mwishoni ndo Lusifa anaamua kuivamia mbingu, sasa bila hiyo vita yenyewe utaielewaje? Ya pili inakupeleka sana mbinguni na aisee Paul Sorvino akiwa Mungu ananitisha kuliko mashetani wote. Mwongozaji Bousman na mwandishi Zdunich walizizungusha filamu hizi wenyewe kwenye miji ya Marekani, ndo mana mashabiki wake wanazipenda hivyo.