Ligi ya mabilioni iliyoanzia kwenye duka la magari

Mleta mada ameomba tumtajie mambo yasiyofahamika sana kuhusu futiboli ya kulipwa ya Marekani (ule mchezo unaochezwa zaidi kwa mikono), na akaongeza kwamba yeye haoni chochote pale isipokuwa fedha na matangazo ya biashara. Mdau mwingine akauliza kama kuna mtu wa ukanda wetu wa Afrika Mashariki na Kati aliyewahi kuucheza mchezo huo. Nitajibu yote mawili, kwa kuwa niliishi jimbo la Ohio, Marekani, miaka kadhaa nikifanya kazi ghalani pamoja na watu ambao kila Jumatatu hawakuwa na mazungumzo mengine zaidi ya mechi za jana yake, na ili nisiwe nakaa pembeni kama mgeni msibani, nikaanza kusoma historia ya mchezo wenyewe. Nilichokikuta ni kwamba ligi hii inayoonekana kupangwa hadi sekunde ya mwisho imejengwa, kwa sehemu kubwa, na ukata, theluji, vita na maamuzi ya dharura.

Tarehe 17 Septemba 1920, wawakilishi wa timu kadhaa walikutana mjini Canton, Ohio, ndani ya duka la magari ya Hupmobile lililokuwa mali ya Ralph Hay, mwenye timu ya Canton Bulldogs. Viti havikutosha, hivyo wengine wakakaa kwenye vikanyagio vya pembeni vya magari yaliyokuwa yakisubiri wanunuzi. Walikubaliana kwamba kila timu itoe kiingilio cha dola 100, ingawa George Halas, aliyekuja kuwa mmiliki wa timu ya Chicago Bears, alisema baadaye kwamba alikuwa na shaka kama chumba kizima kilikuwa na dola 100. Urais walimpa Jim Thorpe, mshindi wa dhahabu mbili za Olimpiki ya 1912, ambaye bado alikuwa mchezaji. Walichohitaji kwake ni jina ambalo magazeti yasingeweza kulipuuza. Jina la ligi la leo, NFL (National Football League), lilikuja mwaka 1922. Leo Canton ndiko liliko jumba la kumbukumbu ya wachezaji mashuhuri. Nilipolitembelea nilisimama muda mrefu mbele ya helmeti za zamani za ngozi, nyembamba, zenye mishono inayoonekana, na nikashangaa zaidi kusoma kwamba hata hizo hazikuwa za lazima hadi mwaka 1943.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Desemba 1932. Wakati huo bingwa alipatikana kwa msimamo wa ligi tu, bila fainali, na sare hazikuhesabiwa kabisa. Chicago Bears na Portsmouth Spartans, timu ya mji mdogo wa Ohio kando ya mto, walimaliza wakiwa sawa kileleni, ikabidi iongezwe mechi moja ya kuamua. Chicago ilifunikwa na theluji na baridi kali, kwa hiyo mechi ikahamishiwa ndani ya ukumbi wa Chicago Stadium, ambako sarakasi ilikuwa imeondoka muda mfupi kabla na kuacha udongo wake sakafuni pamoja na harufu ya wanyama. Ukumbi haukutosha kuwa uwanja kamili: urefu ulikuwa takriban yadi 80 (kama mita 73), na kuta zilikuwa karibu mno na mistari ya pembeni. Ili wachezaji wasigongwe ukutani, waliafikiana kwamba mpira ukitoka au ukifia pembeni, usogezwe ndani kabla ya mchezo kuendelea. Nyota wa Portsmouth, Dutch Clark, hakuwepo kabisa, kwa sababu alikuwa amekwenda Colorado kutimiza ajira yake nyingine ya kufundisha mpira wa kikapu chuoni. Hebu fikiria fainali ya leo ikichezwa bila nyota kwa sababu ya kibarua!

Bears walishinda 9–0, na bao lililoamua mechi lilizua ugomvi. Bronko Nagurski wa Bears alijifanya anakimbia na mpira, akarudi nyuma ghafla, akamrushia mwenzake Red Grange. Kanuni ya wakati huo ilimtaka anayerusha mpira kwenda mbele awe angalau yadi tano nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, na Portsmouth walilalamika kwamba Nagurski hakufika umbali huo. Mwaka uliofuata ligi ilifuta sharti hilo, ikaruhusu mpira urushwe kutoka mahali popote nyuma ya mstari. Ikaweka rasmi vile vistari vifupi vya ndani vinavyozuia mchezo kuanzia ukingoni. Na ikajigawa makundi mawili ili pawe na fainali kila mwaka. Kwa hiyo mtazamaji anayefurahia pasi ndefu za makotabeki (warushaji wakuu wa mpira) wa leo anafurahia matunda ya usiku mmoja ndani ya ukumbi ulionuka sarakasi. Portsmouth nao, waliozidiwa na hali ya uchumi, waliuzwa na kuhamia Detroit mwaka 1934, na ndio hawa Detroit Lions wa leo.

Vita Kuu ya Pili ilileta vituko vyake. Wachezaji walipochukuliwa jeshini, Philadelphia Eagles na Pittsburgh Steelers waliunganishwa kuwa timu moja kwa msimu wa 1943, na watu wakaichanganya hata kwa jina, wakaiita Steagles. Wengi wa wachezaji waliobaki walikuwa wamekataliwa na jeshi kwa sababu za kiafya. Mmoja wao, Tony Bova, alikuwa haoni kwa jicho moja. Walitakiwa pia kufanya kazi za viwanda vya vita saa zote za kawaida, kisha ndipo waende mazoezini jioni. Makocha walikuwa wawili, Greasy Neale na Walt Kiesling, na hawakuelewana hata kidogo, ikabidi mmoja ashughulikie washambuliaji na mwingine walinzi. Pamoja na hayo walishinda mechi tano, wakapoteza nne na kutoka sare moja. Mwaka uliofuata Pittsburgh waliunganishwa na Cardinals wa Chicago, wakapoteza mechi zote kumi. Hapo sina la kuongeza.

Nije kwenye mikwaju, kwa sababu mleta mada alidai kwamba wapiga mpira kwa mguu katika mchezo huo hawana umuhimu. Tarehe 8 Novemba 1970, New Orleans Saints walikuwa nyuma 17–16 dhidi ya Detroit, zikiwa zimebaki sekunde mbili. Akaitwa Tom Dempsey, mtu aliyezaliwa bila vidole vya mguu wa kulia wala vya mkono wa kulia. Alivaa kiatu maalumu, kifupi, chenye ncha bapa. Alipiga kutoka yadi 63, mpira ukapita kati ya milingoti, mkwaju wa pointi tatu, Saints wakashinda 19–17. Rekodi ya awali ya mkwaju mrefu zaidi ilikuwa yadi 56. Wapo waliodai kwamba kiatu kilimpa faida, na mwaka 1977 ligi ikaweka kanuni kuhusu umbo la kiatu cha mpigaji. Mimi naona ni dai la watu waliosahau kwamba alikuwa akipigia nusu ya mguu. Ilichukua hadi mwaka 2013 kwa Matt Prater kuivuka rekodi hiyo, tena kwa yadi moja tu, akiwa Denver, mji wa mwinuko ambako hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi.

Kuhusu fedha, mleta mada yuko sahihi kwa timu nyingi, lakini asisahau Green Bay Packers. Ni timu ya mji wenye watu wapatao laki moja tu, na inamilikiwa na wanahisa wa kawaida zaidi ya 500,000. Hisa zao hazitoi gawio wala haziuzwi sokoni. Mfanyakazi mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Wisconsin, jimbo la Green Bay, alikuwa ametundika cheti chake cha hisa sebuleni, na nilipomuuliza kinamwingizia nini, alicheka.

Na kuhusu matangazo: gazeti la Wall Street Journal lilipima mwaka 2010 na kukuta kwamba katika mechi inayorushwa kwenye televisheni kwa muda wa saa tatu hivi, muda ambao mpira uko mchezoni kweli ni kama dakika 11. Ule mstari wa njano unaoonekana kwenye televisheni, unaoonyesha timu inatakiwa kufika wapi ili ibaki na mpira, haupo uwanjani. Ni mchoro wa kompyuta ulioanza kutumika mwaka 1998. Mara ya kwanza nilipokwenda uwanjani niliutafuta kwa macho, jirani yangu akanitazama kwa huruma.

Sasa swali la watu wetu. Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akiwa hajawahi kucheza futiboli ya Kimarekani, na Desemba mwaka huo huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza katika ligi hiyo. Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, alichaguliwa wa nane, na Carolina Panthers, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 1996. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis, lakini ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Alikuwa katika kikosi cha New York Giants kilichowafunga New England Patriots katika fainali ya Februari 2008, ingawa mechi yenyewe aliikosa kwa kuvunjika mguu, kisha akacheza na kushinda fainali ya 2012 dhidi ya Patriots hao hao. Na fulana za fainali nazo zimefika Afrika: kabla ya fainali kuchezwa, fulana za ubingwa huchapishwa kwa timu zote mbili; za aliyeshindwa haziuzwi, na kwa miaka mingi zilikabidhiwa shirika la World Vision, likazigawa katika nchi maskini, Zambia ikiwa mojawapo. Zile za Patriots za mwaka 2008, zilizotangaza msimu mzima bila kufungwa, zilipelekwa Nicaragua.