Maswali ya Wasomaji: Barua Zisizo na Mwaka

SWALI: Nimepata kifungu cha barua ambazo washairi na wachoraji waliliandikia duka la vitabu la Poetry Bookshop, London. Nyingi zina siku na tarehe tu, mfano "Jumatano, 4 Juni". Mwaka nitaujuaje? Na je, nizitoe kwenye bahasha nizinyooshe?

JIBU: Anza na anwani. Harold Monro alifungua duka hilo Januari 1913, namba 35 Devonshire Street. Mwaka 1926 lilihamia 38 Great Russell Street, likafungwa 1935. Barua yako ikiwa imepelekwa Devonshire Street, 4 Juni iliangukia Jumatano mara tatu tu katika kipindi hicho: 1913, 1919 na 1924.

Kama mhuri wa posta umefutika, tazama stempu. Barua ya kawaida ndani ya Uingereza ililipiwa peni moja mpaka 3 Juni 1918, ikapanda kuwa peni moja na nusu. Kwa hiyo peni moja juu ya bahasha iliyofungwa inakupa 1913. Wengi hukosea hapa kwa kuchanganya bahasha na postikadi: postikadi ilikuwa nusu peni, nayo ikawa peni moja siku hiyohiyo. Stempu ileile, kwenye postikadi, inakupeleka baada ya 1918.

Kati ya 1919 na 1924, mwandikaji ndiye atakayeamua. Mchoraji Claud Lovat Fraser alifariki Juni 1921, basi yake ni ya 1919. Kwa wengine soma habari zenyewe: jarida la Monro, The Chapbook, lilianza Julai 1919, hivyo anayelizungumzia kama jambo linaloandaliwa hawezi kuwa anaandika 1924. Namba kwenye "W.C.1", alama ya eneo la posta la London, ziliongezwa 1917, zikikosekana hazithibitishi lolote, maana watu waliendelea kutumia karatasi za zamani zenye anwani. Mwaka ulioongezwa kwa penseli na mkono mwingine ni maoni ya mtu, uuhakiki.

Barua unaweza kuinyoosha, ila usiipoteze bahasha yake, kwani ndiyo ushahidi wako. Ziandike zote mbili namba moja pembeni, kwa penseli laini, kisha uziweke kwenye folda isiyo na asidi. Selotepu usiitumie kabisa. Gundi yake hupenya karatasi na kuacha doa la manjano lisilotoka.

Ukitaka kuzichapisha, kumbuka kumiliki karatasi si kumiliki maneno. Kwa sheria ya Uingereza, barua nyingi za wakati huo ambazo hazijawahi kuchapishwa zinalindwa hadi mwisho wa 2039, kwa hiyo tafuta kwanza ridhaa ya warithi wa mwandishi.