Kwa wanaoingia kazi ya aerodinamiki ya Formula 1: kipande kipya hakijawa maboresho

Kipande kikitoa mkandamizo mzuri (nguvu ya hewa inayolisukuma gari chini) kwenye handaki la upepo, usikimbilie kukiita maboresho. Hapo bado ni dhana. Kinakuwa maboresho siku vipimo vya sakiti vinapokubaliana na vya handaki, na sehemu kubwa ya kazi yako ni kuhakikisha vipimo hivyo vyote vinaaminika.

Anza kwa kujua udhaifu wa handaki lenyewe. FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, inaruhusu mfano wa gari usiozidi asilimia 60 ya ukubwa halisi, na upepo usiozidi mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Zidisha hizo mbili: hewa inaambaa kwenye mfano kama ingeambaa kwenye gari kamili linalokwenda kilomita 108 tu. Kona zinazoamua mbio hupitwa kwa 200 na zaidi. Kwa hiyo hewa iliyobanduka, yaani iliyoacha kufuata uso wa kipande, juu ya bawa la mfano huenda isibanduke kwenye gari halisi. Tena mfano umeshikiliwa na mhimili, haudundi, na sakafu yake haipindi kama ya gari lililo kwenye mwendo.

Gharama ya kulisahau hilo ilionekana mwaka 2022, kanuni ziliporudisha mifereji chini ya sakafu. Hewa ikipita humo kwa kasi, shinikizo hushuka na gari hufyonzwa kuelekea lami. Likishuka mno, hewa hukabwa, ufyonzaji hukatika, gari huinuka, hewa hupata njia, kisha mchezo unaanza upya mara kadhaa kwa sekunde. Timu nyingi zilikutana na kudunda huko kwenye majaribio ya Barcelona, magari yakiwa yamekwisha kuundwa. FIA ikapandisha kingo za sakafu kwa milimita 15 kuanzia 2023, lakini ugonjwa haukuisha. Ferrari walipeleka sakafu mpya Barcelona Juni 2024, kudunda kukawarudia kwenye kona za kasi, na ilipofika Silverstone ikabidi Ijumaa wailinganishe na ya zamani, kisha wakarudi kwenye ya zamani.

Somo la kiufundi hapa ni hili: usisome kilele cha mkandamizo, soma umbo la mchoro wote, kwa kila kimo cha gari kutoka lami. Sakafu inayotoa mkandamizo mwingi kwenye kimo kimoja na kuporomoka milimita chache chini yake itamlazimu mhandisi wa saspensheni kuinua gari, na faida yote itapotea. Sisi tungechagua inayotoa kidogo lakini haibadiliki ghafla, hata kama kwenye kikao haivutii.

Majaribio ya handaki ni ya mgawo, hivyo yatumie kwa adabu. Kiwango cha msingi ni majaribio 320 kwa kipindi cha takriban wiki nane. Timu bingwa hupewa asilimia 70 yake, yaani 224, na timu ya kumi asilimia 115, yaani 368. Chuja mawazo kwenye kompyuta kwanza, ingawa nako kuna mgawo.

Kabla ya kuagiza kalibu, uliza kuhusu uwiano wa mkandamizo wa mbele na wa nyuma. Difyuza mpya (sehemu ya nyuma ya sakafu inayopanuka) inayoongeza mkandamizo nyuma bila bawa la mbele kuufuata italifanya gari ligome kuingia kona, na dereva atasema kipande ni kibaya wakati kiko sawa. Hesabu mapema ni pembe kiasi gani utaongeza kwenye kibawa cha mbele, na kama bado ipo ya kuongeza.

Ijumaa, siku ya mazoezi, ndiyo siku yako. Mpangilio salama ni zamani, mpya, halafu zamani tena. Ukiishia kwenye mpya, hutajua kama tofauti imeletwa na kipande au na hali ya hewa. Joto la hewa likipanda nyuzi 3, uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 1, na mkandamizo hupungua vivyo hivyo. Kati ya asubuhi na mchana tofauti hiyo inaweza kuzidi faida ya kipande kizima. Upepo ni mbaya zaidi. Mkandamizo hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo kwenye kona ya kilomita 200, upepo wa usoni wa kilomita 10 unauongeza kwa asilimia 10. Andika mwelekeo na kasi ya upepo kwa kila mzunguko, na unapotumia fremu za mirija ya Pitot, inayopima shinikizo na kasi ya hewa, mwombe dereva ashike kasi moja isiyobadilika kwenye sehemu iliyonyooka.

Rangi ya kuonyesha mtiririko wa hewa inastahili uangalifu kuliko wageni wengi wanavyodhani. Ni poda inayong'aa iliyochanganywa na mafuta mepesi kama parafini. Ikiwa nzito, inabaki pale ulipoipaka. Ikiwa nyepesi, inatiririka kwa uzito wake kabla gari halijatoka gereji. Ipake muda mfupi kabla ya gari kutoka, karibu na ukingo wa mbele wa eneo unalotaka kuliona, na lipige picha mara tu linaporudi, kwa pembe zile zile kila mara. Michirizi mirefu iliyonyooka inaonyesha hewa imeshika. Rangi iliyotuama kama dimbwi inaonyesha imebanduka. Michirizi inayokutana kwenye mstari mmoja mara nyingi inaonyesha mahali hewa inapobanduka au kisulisuli kinapopita. Linganisha na picha ya kompyuta ya eneo hilo hilo. Usiitazame peke yake, maana macho huona yanachotaka.

Vipimo vikikataa, usilaumu umbo kwanza. Pima kama kipande kimetoka kwenye kalibu sawasawa. Tazama maungio: ngazi ndogo kwenye upande wa kufyonza inatosha kubandua hewa. Kisha kimo cha gari, kisha tairi, na mwisho ndipo umrudie mchoraji.

Wikiendi za mbio fupi zina mazoezi ya dakika 60 tu. Austin 2023 Aston Martin na Haas walifika na vipande vipya, na kanuni za wakati huo zikafunga mipangilio ya magari baada ya mazoezi hayo. Magari yote manne yalianza mbio za Jumapili kwenye njia ya gereji ili yabadilishwe. Mbio hizo hizo madereva Hamilton na Leclerc walifutiwa matokeo kwa ubao ulio chini ya sakafu kulika kupita kiasi. Ubao huo huanza na unene wa milimita 10 na haupaswi kushuka chini ya 9. Sakafu mpya karibu kila mara hutamani kukaa chini zaidi, basi ukiileta wikiendi kama hiyo, pima ubao mara mazoezi yanapoisha, na ukiona umelika kuliko ulivyokadiria, inua gari kabla mipangilio haijafungwa.