Roketi iliyopinduka ilipoacha fimbo

Ndugu, umeeleza kwamba roketi yako ya gramu 900, yenye injini ya daraja la F (herufi huonyesha jumla ya nguvu ya injini, na G ni kubwa kuliko F) inayosukuma kwa wastani wa nyutoni 30, ilipinduka mara tu ilipoacha fimbo ya kurushia, nawe unauliza kama ubadilishe mapezi, yaani yale mabawa madogo ya mkiani. Tafadhali usiyaguse kwanza. Uzito wake ni karibu nyutoni 9, na warushaji huzingatia kwamba msukumo uwe angalau mara 5 ya uzito, yaani nyutoni 45. Yako iliondoka polepole mno, ikakosa kasi ya kuyawezesha mapezi kuinyoosha.

Tafuta injini ya G yenye msukumo wa kutosha. Kwa kuwa hiyo ni nzito zaidi na hukaa mkiani, itayarishe roketi nzima, injini hiyo na parachuti vikiwa ndani lakini kiwashio kikiwa bado hakijatiwa, kisha ining'inize kwa uzi hadi itulie mlalo: pale uzi ulipo ndipo penye kitovu cha uzito, nacho kinapaswa kuwa mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa (pale nguvu zote za hewa zinapoisukuma roketi kana kwamba ni nukta moja) kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba. Kisipofika hapo, shindilia udongo wa kufinyangia ndani ya pua, halafu upige upya ile hesabu ya mara 5.