Pima homa kabla hujampa dawa, siyo baada

Asubuhi hiyo mwanangu aliamka mwili una joto, siyo la kutisha ila nilivyomshika shingoni nikajua kabisa huyu hayuko sawa. Nilikuwa na kikao kazini ambacho sikuona namna ya kukikosa, basi nikampa dawa ya homa, ile parasetamo ya maji, baada ya kama nusu saa mwili ukapoa, akala kidogo, akaanza kuongea ongea, nikajiambia kapona huyu, nikamvalisha yunifomu tukaenda. Saa tano simu ikaita kutoka shuleni. Nilimkuta kakaa kwenye benchi nje ya ofisi, begi bado liko mgongoni, kola ya sweta kaiweka mdomoni anaing'ata, na aliponiona hata hakunyanyuka. Akasema, "Mama nilikuwa nasikia baridi tangu tunaandika." Tumefika nyumbani kipimajoto kinasoma 39.2. Iliniuma sana, maana mimi ndo nilimpeleka.

Wazazi wenzangu, nilichokuja kuelewa ni kwamba dawa ya homa haiondoi kilicholeta homa. Inashusha joto kwa masaa 4 hadi 6 hivi, ikiisha nguvu joto linarudi palepale, na muda huo mtoto yuko darasani anawakoholea wenzie. Kwa hiyo mimi sasa hivi napima kwanza, kabla ya dawa yoyote. Ikifika 38 au zaidi shule hakuna, hata kama kuna mtihani. Na harudi mpaka zipite masaa 24 hana homa na hajanywa dawa ya kuishusha, hapo kwenye dawa ndo wengi tunakosea, tunahesabu tangu alivyopoa wakati kapozwa na dawa.

Mafua ya kawaida sisumbuki nayo. Kamasi zinatoka, kakikohozi kidogo, lakini anakula, anacheza, anagombana na mdogo wake kama kawaida, huyo anaenda. Mtoto mdogo anaweza kupata mafua hata mara 6 au 8 kwa mwaka, ukimfungia ndani kila mara hatasoma. Na kamasi kuwa za kijani peke yake siyo dalili kwamba anahitaji antibayotiki, hilo nalo nilikuwa silijui. Ila kikohozi kikiwa cha mfululizo mpaka hawezi kumaliza sentensi, au usiku mzima hajalala, abaki.

Kwenye kutapika na kuharisha hapo sina mjadala. Nangoja masaa 48 tangu mara ya mwisho, kuna shule zinasema 24 zinatosha lakini mimi siendi chini ya 48 kwa sababu virusi vya tumbo vinasambaa haraka mno, mtoto mmoja tu anatapika darasani wiki hiyohiyo unasikia nusu ya darasa wako nyumbani. Na jamani mikono ioshwe kwa maji na sabuni, sanitaiza haiviwezi vizuri baadhi ya virusi hivyo. Akiwa nyumbani mpe maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika subiri kama dakika 10 uanze tena taratibu.

Tetekuwanga anakaa mpaka malengelenge yote yakauke yawe vigaga, mara nyingi ni kama siku 5 tangu vipele vitoke. Mjulishe mwalimu mapema, maana mtoto anaanza kuambukiza hata siku moja au mbili kabla ya vipele, na kama kuna mwalimu mjamzito anatakiwa ajue. Surua ni siku 4 tangu upele utokee. Maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria, akishatumia antibayotiki masaa 24 na homa haipo anaweza kurudi, ila dozi amalize. Chawa wala siyo sababu ya kukosa shule, anza kumtibu tu.

Akipumua kwa shida mpaka mbavu zinaingia ndani, shingo imekakamaa, haamki vizuri, hajakojoa kutwa nzima au kapata degedege, hapo usiwaze habari za shule, wahi hospitali.

Najua kinachotuponza wengi ni kazi. Ushauri wangu, panga kabla mtoto hajaumwa, muwe na watu wawili watatu mliokubaliana nani atabaki naye, na ongea na bosi siku ambayo huna shida, maana kuomba ruhusa saa kumi na mbili asubuhi huku mtoto ana homa ndo unajikuta unaikimbilia chupa ya dawa kama mimi.

Halafu kuna tumbo la Jumatatu. Wangu alilalamika tumbo wiki tatu mfululizo, kila Jumatatu asubuhi, homa hana, haharishi, saa nne anakula vizuri kabisa. Wengine walisema anadeka. Sikumgombeza, jioni moja namkata kucha nikamuuliza polepole Jumatatu huwa kuna nini shuleni, akanyamaza weee, mwisho akasema siku hiyo wanabadilishwa viti na anawekwa karibu na mtoto anayemfinya chini ya meza, akanionyesha na alama pajani. Kesho yake sikumbakiza nyumbani, tulienda wote wawili kwa mwalimu wake kabla kengele haijagongwa.