Kabla hujang'oa feni ya mkanda kwenye Canter yako, nisikilize mimi niliyekwama Kitonga

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji mmoja wa Makambako. Ana Canter ya zamani, anashusha viazi vya Njombe Dar es Salaam na kurudi na bidhaa za madukani. Fundi wake amemshauri ang'oe feni inayozungushwa na mkanda, afungiwe ya umeme, gari liwe jepesi na mafuta yapungue. Akaniuliza, "Kaka, wewe umeshawahi kujaribu hiyo kitu?"

Nimejaribu, ndugu yangu. Siku mbili nimeshindwa kukujibu, maana kila nikishika simu naiona ile kona ya Kitonga, ule mlima mkali wa njia ya Iringa, na mpaka leo inaniuma. Sasa naandika yote hapa, ili na wengine wenye magari ya mzigo wasome kabla hawajamkabidhi fundi spana.

Canter yangu ina injini ya 4D33, dizeli ya lita 4.2, na umeme wake ni wa volti 24. Imewalisha wanangu na kuwasomesha. Mwaka ule ilianza kunisumbua kwenye foleni ya Mbagala. Gari likisimama, mshale wa joto unapanda. Likitembea, unashuka wenyewe. Leo hii mtu akinieleza dalili hiyo namjibu hata kabla hajamaliza kwamba aangalie klachi ya feni, kile kiungo cha katikati kinachoishika feni au kuiachia iteleze. Wakati ule sikuijua klachi ya feni. Nilidhani feni ni mapanga na nati nne basi.

Fundi wangu wa siku zote, mtu niliyemwamini kwa miaka, aliniambia feni ya mkanda imepitwa na wakati, inakula nguvu ya injini bure. Nikakubali. Akaja na feni ya umeme ya mtumba iliyotoka kwenye gari dogo la kutembelea. Kava la feni, lile duara la plastiki linalozunguka mapanga, akalitoa kwa sababu feni mpya haikuingia ndani yake. Feni yenyewe akaibana kwenye rejeta kwa vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya, vinne, vikipita katikati ya vibati vyembamba vya rejeta. Kwa kuwa feni ni ya volti 12 na gari ni la volti 24, akachukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Swichi akaiweka chini ya dashibodi, na waya mmoja mwekundu, mwembamba kama wa redio. Hapakuwa na rilei (ile swichi ya kubeba umeme mkubwa), fyuzi wala kifaa cha kupima joto. Kazi ya kuwasha na kuzima ikawa yangu.

Na lazima niseme ukweli, wiki tatu za mwanzo nilifurahi sana. Ile ngurumo ya feni ikaisha. Kwenye foleni mshale ulitulia kuliko zamani, kwa sababu feni ya umeme haijali kama injini iko sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta. Inazunguka kwa kasi yake ileile. Kila dereva niliyekutana naye kijiweni nilimwonyesha. Wawili wakaenda kufunga kama yangu, na jambo hilo linanisumbua kuliko hasara yangu mwenyewe.

Halafu shemeji yangu wa Iringa akaagiza saruji. Mifuko 70, tani tatu na nusu. Dar hadi Iringa ni karibu kilomita 500, na mpaka Ruaha Mbuyuni sina cha kusimulia; barabara ni ya kukimbia, upepo wa safari unaingia kwenye rejeta wenyewe. Ukishakuwa kwenye kilomita 70 au 80 kwa saa hata feni ikizimwa gari halichemshi. Ndiyo maana watu wengi wanasifia feni za umeme. Wanazipima tambarare.

Kitonga nilianza kuipanda saa nane mchana, jua limekaa utosini. Gia namba tatu ikakataa, nikashuka namba mbili. Mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa, injini inanguruma, upepo wa safari hakuna. Nilisikia kitu ambacho sikukielewa mpaka baadaye. Injini ilikuwa inalia kwa nguvu zake zote, lakini feni ilikuwa inaimba wimbo uleule niliouzoea Mbagala. Haikuongeza hata kidogo. Mshale ukapita nusu. Ukapita robo tatu. Nikazima redio, kana kwamba ingesaidia, nikamwambia utingo ashuke na jiwe tayari kwa kuweka kwenye tairi la nyuma.

Tulisimama chini kidogo ya kona, mvuke ukitoka mbele kama jiko la shughuli. Utingo alikata matawi akayapanga barabarani nyuma yetu, malori yakawa yanatupita yakiguna. Kijana akakimbilia mfuniko wa rejeta na kitambaa mkononi. Nilimdaka mkono. Hilo nililifanya sawasawa na namshukuru Mungu, maana maji yale yangemuunguza uso mzima.

Kosa langu likaja dakika ishirini baadaye. Shemeji alikuwa anapiga simu, mafundi wake wa ujenzi wamekaa wanasubiri. Nilifungua mfuniko taratibu, mvuke ukaisha, nikachukua dumu la maji baridi nikamimina. Sikuwasha injini kwanza, sikuweka kidogokidogo. Nilimimina. Ndani ukatoka mlio mmoja mkavu, mfupi, kama kuni inayopasuka. Utingo aliniangalia. Hakuna aliyesema neno.

Iringa niliingia nikiwa nimevutwa. Saruji ililazimika kufaulishwa kwenye gari jingine, nikalipa nauli ya mzigo ambao mimi ndiye nilipaswa kulipwa. Fundi wa kule alifungua silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, akaifuta kwa kitambaa chenye dizeli, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele katikati ya valvu mbili. Ada ya muhula ya binti yangu ikaenda kwenye silinda hedi ya mtumba na gasketi. Na kwenye betri nako tukakuta yake. Ile iliyokuwa inatoa umeme wa feni ilikuwa haijai chaji, na mwenzake ilikuwa inachajiwa kupita kiasi mpaka imekauka maji. Zote mbili zikafa. Shemeji tunasalimiana vizuri misibani na harusini, ila mzigo hajanipa tena.

Yule fundi wa Iringa ndiye aliyenifundisha, akichora kwa chaki sakafuni. Feni ile ndogo, aliniambia, inavuta ampea 20 kwenye volti 12. Hizo ni wati 240. Nguvu farasi moja ni wati 746. Kwa hiyo unapoza injini ya lita 4.2 yenye mzigo mgongoni kwa theluthi ya farasi mmoja. Feni ya mkanda injini ikinguruma inachukua nguvu farasi kadhaa. Fundi wangu wa Dar hakunidanganya aliposema inakula nguvu. Inakula kweli. Lakini nguvu hiyo ndiyo upepo wenyewe! Mizunguko ya feni ikiongezeka mara mbili, upepo unaongezeka mara mbili, na nguvu inayohitajika inafika mara nane. Hakuna upepo wa mlima unaopatikana kwa waya wa redio. Na hata huo umeme nao hautoki mbinguni, unatoka kwenye altaneta inayozungushwa na mkanda.

Jambo jingine ni hili. Feni ya mkanda imefungamana na injini. Ukishuka gia na kukanyaga mafuta mlimani, injini inazunguka kwa kasi, na feni na wota pampu vinazunguka nayo. Joto linapozidi ndipo upepo unapozidi. Katikati yake kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, na mbele ya klachi kuna kichuma kilichojiviringa kama springi. Hewa inayopita kwenye rejeta ikiwa ya moto, kichuma kinajikunja, kinafungua tundu, mafuta yanaingia kwenye mifereji ya klachi na feni inashikwa. Hewa ikipoa, mafuta yanarudi kwenye chumba chake na feni inateleza, haili nguvu nyingi. Kwa hiyo hata hayo mafuta ya gari unayotaka kuokoa, klachi nzima inakuokolea. Mafuta ya silikoni yakivuja au kichuma kikifa, feni inateleza wakati wote, na hapo ndipo unapochemsha kwenye foleni. Ugonjwa wa Canter yangu ulikuwa huo tu. Klachi!

Niliporudi Dar nilikwenda Gerezani, mtaa wa vipuri, nikatafuta klachi ya mtumba, mapanga yake na kava. Kava lilinisumbua kulipata kuliko klachi, kwa sababu mafundi wanayatupa. Msiyatupe. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ya moto ya kwenye injini badala ya kuivuta kupitia rejeta. Mapanga yakae karibu nusu ndani ya kava na nusu nje, na nafasi kati ya ncha ya panga na kava iwe ndogo, bila kugusana.

Sasa wewe wa Makambako, kabla ya kununua chochote, fanya hivi. Endesha gari mpaka lipate joto kamili, zima, weka ufunguo mfukoni, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kirahisi kama pangaboi lililokatiwa umeme, klachi imekufa. Inatakiwa ikukatalie. Angalia kama kuna mafuta meusi yaliyosambaa kutoka katikati ya klachi. Shika panga, tikisa mbele na nyuma. Ikicheza, beringi imekwisha, na siku moja feni itaingia kwenye rejeta. Njia nyingine ninayoipenda ni karatasi ya daftari. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, iweke mbele ya rejeta na uiachie. Feni nzima inaishika pale kama imegundishwa. Yangu, siku ile kabla ya safari, ingeanguka pembeni kote ambako feni ndogo haikufika, lakini sikupima.

Na mfuniko wa rejeta uubadilishe ukiwa umechoka. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kwa mwinuko huo maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima ndio unaoyazuia yasichemke mapema. Thamostati, ile valvu inayofungulia maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakipata joto, usiruhusu itolewe. Najua kila gereji inaitoa. Mwambie fundi airudishe.

Siichukii feni ya umeme. Rafiki yangu ana pikapu ya volti 12, anazungukia maduka ya Kariakoo na mizigo midogo, na inamfaa kabisa. Anaizima hata akipita kwenye maji ya mafuriko, mapanga yasipinde. Lakini yake inaendana na umeme wa gari, ina rilei, fyuzi, waya mnene, na kifaa kinachoiwasha joto likifika, na kava lake limefunika rejeta yote. Hakuna kamba ya plastiki hata moja. Ukitaka ya umeme kwa gari la mzigo la volti 24, tafuta feni ya volti 24 yenye nguvu ya kweli, na altaneta inayoiweza. Ukishazijumlisha gharama zake, utarudi kwenye klachi.

Mafundi nanyi nawaomba. Mtu anapokuletea gari, amekuletea chakula cha watoto wake. Usimfungie kitu ambacho wewe mwenyewe hujawahi kupanda nacho mlima. Na sisi wenye magari tuulize maswali, tusione aibu; mimi niliona aibu kuuliza kwa nini waya ni mwembamba hivi, na niliuona kwa macho yangu.

Mwezi uliopita nilipanda Kitonga na tani tatu za vigae, saa nane mchana kama siku ile. Kwenye ile kona feni ilishika, ngurumo ikajaa kebini, mshale ukabaki chini ya nusu mpaka juu. Utingo ni yuleyule. Tulipofika Ilula alishuka, akainama kuangalia chini ya rejeta kama kuna tone, akanyoosha dole gumba.

Kwa hiyo jibu langu, ndugu wa Makambako, ni usifunge. Kesho asubuhi fungua kebini, piga picha ya klachi na kava la feni, unitumie. Kama kava halipo, niambie Canter yako ni ya mwaka gani, Jumamosi nitakuwa Gerezani.